Mita inasema hivi, bahari inasema vile: kutatua matatizo ya kupima maji ya bahari

Ujumbe huja jioni, mara nyingi pamoja na picha ya mita: "pH imesoma 9.1, bahari imeharibika?" Au, "Oksijeni 8.6, hii ni nzuri?" (pH ni kipimo cha uasidi wa maji.) Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipita kwenye vikundi vinavyopima maji ya pwani, wakulima wa mwani wa mashariki ya Unguja, wavuvi wa Bagamoyo, vijana wa kamati za fukwe, na hitilafu ninazoletewa ni zilezile. Nimezipanga hapa kwa dalili. Katika kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo zaidi, na ukaguzi usiohitaji kifaa kingine nimeutanguliza.

Namba ikikushangaza, shuku kwa mpangilio huu: mkono wako kwanza, kisha kifaa, kisha saa na hali ya maji ya siku hiyo, na bahari yenyewe mwisho. Ila usiifute. Iandike kama ilivyo, weka alama ya swali pembeni, teka maji mapya upime mara mbili zaidi, na hizo nazo uziandike. Nimewahi kufunguliwa daftari ambalo kila siku ya mwaka pH ni 8.1. Lilikuwa limesafishwa kwa nia njema, lakini mwani ulipoanza kufa hapakuwa na cha kusoma ndani yake.

Ili ujue namba ya kushangaza ni ipi: maji ya bahari yetu, mbali na midomo ya mito, huwa na chumvi ya gramu 34 hadi 36 kwa kila kilo moja ya maji. pH huwa karibu na 8.1, ikicheza kati ya 7.9 na 8.3. Joto la juu ya maji ni kama nyuzi 25 wakati wa kusi na huweza kupita 29 mwishoni mwa kaskazi. Oksijeni kwenye nyuzi 28, maji yakiwa yameshiba, ni takriban miligramu 6.4 kwa lita.

Pamoja na kila namba andika saa, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, bamvua au maji mafu. Siku za bamvua kubwa Zanzibar maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Kituo kilichokuwa dimbwi la kufika kwenye kisigino asubuhi, baada ya saa sita kina maji ya kifuani yaliyotoka nje ya mwamba. Kuzilinganisha namba mbili hizo bila kujua hilo ni kulinganisha bahari mbili.

## pH inatangatanga, haitulii

Hii ndiyo inayoongoza. Unatumbukiza probu, ile ncha ya mita inayoingia majini, inasoma 8.4, inashuka 8.2, inapanda 8.3, dakika tano bado inacheza.

Sababu ya kwanza ni uchafu. Toa kifuniko, inua probu uitazame dhidi ya mwanga. Ile gololi ya kioo kwenye ncha inatakiwa ing'ae kama kioo cha taa iliyofutwa sasa hivi. Mara nyingi utaona utando wa rangi ya maziwa, au chembe nyeupe za chumvi zimegandia pale kioo kinapoingia kwenye plastiki. Probu iliyopimia kwenye mashamba ya mwani hupata pia ute wa kuteleza usioonekana mpaka uguse. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, idonolee maji kwa tishu bila kusugua, upime tena. Katika kila probu kumi ninazoletewa, zaidi ya nusu hupona hapo.

Sababu ya pili ni jinsi ilivyohifadhiwa. Mwaka wa kwanza niliwafundisha wakulima wa mwani kwamba probu isikauke, nikasahau kuwaambia iloweshwe na nini. Waliitunza kwenye kikopo cha maji ya betri, yaani maji yaliyotoneshwa, kwa wiki tatu, kwa uangalifu mkubwa, na iliporudi mkononi mwangu ilikuwa inachukua dakika kumi na mbili kutulia. Maji yasiyo na chumvi yoyote hunyonya chumvi iliyo ndani ya probu na kuiua polepole. Mahali pake ni kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 3, ile inayouzwa kama maji ya kuhifadhia probu. Ukiwa nayo, loweka usiku kucha. Ukiwa huna na uko shambani, bafa (maji yenye pH inayojulikana, ya kusawazishia mita) ya 4 au hata ya 7 ni afadhali kuliko maji matupu.

Sababu ya tatu ni bafa. Bafa ya 10 ikifunguliwa hunywa hewa ya kaboni na pH yake huanza kushuka, nawe unaendelea kuisawazisha mita kwa kitu ambacho si 10 tena. Iliyomiminwa kwenye kikombe itumie siku hiyo uimwage. Usiirudishe chupani. Kwa maji ya bahari sawazisha kwa bafa ya 7 na ya 10, maana 8.1 iko katikati yake. Nimekuta vikundi vikisawazisha kwa 4 na 7 kwa sababu ndizo pakiti zilizokuja kwenye boksi.

Nne, joto. Bafa imekaa ndani ya deli la barafu, maji ya bahari yana nyuzi 29. Acha vyote vilingane, kivulini. Bafa ya 10 yenyewe hushuka hadi karibu 9.97 kwenye nyuzi 30, na mita yenye kipimo cha joto hulijua hilo. Isiyonacho hailijui.

Tano, na hii ni ya mwisho, uzee. Kama mita yako huonyesha milivolti, ukaguzi ni rahisi: kwenye bafa ya 7 isome kati ya –30 na +30, na kutoka hapo hadi bafa ya 10 tofauti iwe karibu 177 kwenye nyuzi 25. Ikishuka chini ya 165, mteremko, yaani uwezo wa probu kutofautisha pH, umeisha. Mita nyingine huandika asilimia badala ya milivolti. Chini ya 93 au 92 anza kutafuta probu mpya.

Kabla ya kuitupa, jaribu usafishaji wa kina. Loweka ncha kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji kwa robo saa, suuza, kisha siki nyeupe robo saa, suuza, kisha kloridi ya potasiamu saa mbili au zaidi. Baada ya hapo sawazisha upya tangu mwanzo.

Simama hapa: gololi ikiwa na ufa, hata wa unywele, hakuna dawa. Mita itasoma karibu 7 kwenye kila kitu, maji ya bahari, soda, hata siki. Usiitumie siku nyingine hata moja kwa sababu namba zake huonekana za kawaida kwa asiyejua.

Jambo jingine linaloleta ugomvi: mtafiti amekuja na kifaa chake, amepata 8.0, wewe una 8.13, na kila mmoja anadhani mwenzake kakosea. Watafiti wa bahari hutumia mizani nyingine ya pH, iliyotengenezwa kwa bafa zenye chumvi kama ya bahari, na tofauti ya takriban 0.13 kati ya mizani hiyo na bafa zetu za kawaida inajulikana. Andika umetumia bafa gani. Kwa mita ya mkononi usidai mabadiliko madogo kuliko 0.1, na usijaribu kupima nayo kuongezeka kwa asidi baharini mwaka hadi mwaka.

## pH na oksijeni zote ziko juu mno mchana

Mita imesawazishwa vizuri, inatulia haraka, na bado inasema pH 8.5 na oksijeni asilimia 140 ya shibe. Umepima wapi? Kama ni juu ya majani ya bahari, mfano Ghuba ya Chwaka, maji yakiwa yamepwa na jua liko utosini, namba hiyo inawezekana kabisa ni ya kweli. Majani na mwani vikipata jua hula kaboni iliyoyeyuka na kutoa oksijeni. pH hupanda pamoja nayo. Usiku vinapumua kama sisi na vyote viwili hushuka.

Ukaguzi: rudi alfajiri kabla jua halijachomoza, kituo kilekile. pH ikiwa imeshuka hadi 7.9 au 8.0 na oksijeni iko chini ya asilimia 100, umepima pumzi ya ghuba na mita yako ni nzima. Ikiwa alfajiri nayo inasema 8.5, rudi sehemu iliyotangulia.

## Chumvi inasoma chini kuliko ilivyotarajiwa, au juu

Wengi wanatumia refraktomita, ile kama darubini ndogo unayodondoshea tone na kuchungulia kwenye mwanga. Ni kifaa kizuri kwa sababu hakina betri. Hitilafu zake zinatoka karibu zote mkononi.

Anza na kioo chenyewe. Tone la jana lililokauka huacha chumvi, na chumvi hiyo huyeyukia kwenye tone la leo. Suuza, kausha kwa kitambaa laini, dondosha matone mawili au matatu, funika bila kuacha viputo, subiri nusu dakika ili joto lilingane, ndipo usome. Ukikawia juani tone linakauka na chumvi inapanda machoni pako.

Kisha uliza: sifuri uliiweka kwa maji gani? Hapa ndipo penye kosa ambalo vitabu vya maelekezo kutoka nje havilitaji. Kwenye vijiji vingi vya pwani maji ya bomba au kisima yana chumvi. Ukiweka sifuri kwa maji ya kisima chenye chumvi ya 2, kila kitu utakachopima kwa miezi kitakuwa pungufu kwa 2. Tumia maji yaliyotoneshwa kwa mvuke. Yanayouzwa kwenye karakana kama maji ya betri yanafaa, lakini soma chupa kwanza, maana kuna wauzaji wanaoita kwa jina hilohilo ile asidi ya kujazia betri mpya, nayo inaunguza ngozi na macho. Usipokuwa na uhakika tumia maji ya kunywa ya chupa; kosa lake halifiki hata nusu gramu.

Sababu ya tatu ni aina ya refraktomita. Za bei nafuu nyingi zilitengenezwa kwa maji ya chumvi ya jikoni, kwa wasindika vyakula, na zinayasoma maji ya bahari ya 35 kama 36 na nusu hivi. Kuna njia ya kuipima bila kununua chochote: pima gramu 36.5 za chumvi laini ya pakiti iliyokaushwa, yeyusha kwenye gramu 963.5 za maji ya betri. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Refraktomita ya bahari itasoma 35. Ya chumvi ya jikoni itasoma 36.5. Usitumie chumvi ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi, ina unyevu na madini mengine.

Wenye mita inayopima chumvi kwa umeme wana tatizo lao: mita inaonyesha 1 upande wa kushoto, au vistari. Haijafa. Maji ya bahari hupitisha umeme wa takriban milisimensi 53 kwa sentimita kwenye nyuzi 25, na mita nyingi za mito na visima zinaishia 20. Umenunua mita isiyo ya bahari. Kuyachanganya maji nusu kwa nusu na maji ya betri kunakupa namba ya kukisia tu, haifai kwa rekodi. Kama mita yako inafika, isawazishe kwa maji ya kipimo yaliyo karibu na 50, usitegemee yale ya 12.88 peke yake.

Baada ya hayo yote ndipo utazame mbinguni na ardhini. Masika, midomo ya Ruvu, Wami, Pangani au Sabaki inasukuma maji matamu mbali baharini, na hukaa juu kwa sababu ni mepesi: sentimita 20 chini ya uso unaweza kupata namba tofauti kabisa. Chukua sampuli mbili, ya juu na ya kina cha mkono, uandike zote. Kwenye fukwe za mawe ya matumbawe maji ya ardhini hutoka mchangani maji yakipwa. Akina mama wa mwani wanazijua sehemu hizo kwa nyayo, wanasema pana ubaridi. Waulize kabla hujashuku kifaa. Na upande wa pili, dimbwi lililoachwa juani siku ya bamvua linaweza kupita 38 bila kosa la mtu.

Kwa mkulima wa mwani namba hii si ya kupamba daftari. Mwani aina ya kottonii hauvumilii maji matamu na joto kama ule wa spinosamu, na ncha zikianza kuwa nyeupe na kukatika, rekodi ya chumvi na joto ya wiki mbili zilizotangulia ndiyo itakayosema ni mvua, ni jua, au tutafute kingine.

## Oksijeni haiaminiki

Inasoma 7.8 mahali ambapo majirani wote wana 6.4. Angalia kwanza kama uliiambia mita kiwango cha chumvi. Maji matamu ya nyuzi 28 hubeba miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita, ya bahari hubeba 6.4 tu. Mita isiyoambiwa inadhani uko ziwani, na bahari yako inaonekana na afya kuliko ilivyo kwa zaidi ya asilimia 20. Nimeona ripoti za mwaka mzima zilizoandikwa hivyo. Zinaweza kuokolewa kama mliandika joto na chumvi siku hizo.

Inasoma chini na inazidi kushuka huku unaitazama: probu za utando, zenye ngozi nyembamba kwenye ncha, hula oksijeni ya maji yaliyozigusa. Itikise taratibu majini, kama unavyokoroga chai yenye majani, na namba itapanda na kukaa. Zile zinazopima kwa mwanga hazihitaji sana kutikiswa, ila nazo zinapenda maji yanayotembea.

Inaruka ovyo: kuna kiputo chini ya utando, au utando una mkunjo, au umeiwasha sasa hivi. Ipe robo saa. Kisha fungua kofia, mwaga maji ya dawa ya ndani, jaza mapya ya probu hiyo hadi yafurike, funga taratibu, igonge kwa ukucha viputo vipande. Kwenye hewa yenye unyevu, mfano ndani ya kopo lenye kitambaa kibichi chini, inatakiwa isome asilimia 100.

Usiteke maji kwa ndoo ukaenda kupimia kivulini ukiongea na watu. Ndoo ikimiminwa inaingiza hewa. Pima baharini kwenyewe.

Njia ya kuhakikisha ni ile ya kemikali ya Winkler, iliyotumika tangu 1888 na bado ni hakimu wa mita zote. Hiyo iachie maabara. Ina alkali kali na asidi ya salfuri isiyochanganywa. Kazi yako ni kujaza chupa bila kiputo na kukubaliana nao mapema nani ataifunga oksijeni kwa kemikali palepale ufukweni.

Oksijeni chini ya miligramu 2 kwa lita, kifaa kikiwa kizima, ni ya kushtua popote. Kwenye vijito vya mikoko alfajiri inaweza kutokea bila mkono wa mtu. Ufukweni wazi, pamoja na samaki wanaohema juu ya maji, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

## Naitreti sifuri, fosfeti sifuri, kila mahali, kila mwezi

Naitreti na fosfeti ni virutubisho vya mimea majini, na hapa nina neno na wanaogawa vifaa. Vikundi hupewa seti za vipimo za kufugia samaki wa mapambo, zenye chati ya rangi inayoanza miligramu 0, 5, 10 kwa lita hadi juu. Bahari safi ya kitropiki ina naitreti chini ya mikromoli 1 kwa lita, yaani kama miligramu 0.06. Hatua ya kwanza ya chati ile ni zaidi ya mara themanini ya hapo. Bahari inaweza kuchafuka mara ishirini na kipimo kikaendelea kusema sifuri. Kwa hiyo andika "chini ya 5", usiandike 0, na usimwambie mtu kwamba maji ni safi. Seti hizo zina kazi yake: mdomo wa mfereji, bomba la maji machafu ya hoteli, kijito kinachopita katikati ya mji. Kwa bahari wazi peleka sampuli maabara, imechujwa na kugandishwa.

Rangi ikija tofauti kila ukirudia, sababu ya kwanza ni kutikisa. Kuna vitendanishi, yaani dawa za kipimo, vya naitreti vinavyotuama chini ya chupa. Usipoitikisa nusu dakika kwa nguvu unapima kwa maji tu. Pili ni tarehe, tatu ni mwanga: soma chati kivulini lakini nje, miwani ya jua umeivua, na mtu mmoja awe msomaji msimu wote.

Fosfeti ikitokea ghafla pasipo na sababu, nusa chupa. Kama inanukia sabuni ya unga, umepata jibu. Chupa za fosfeti haziguswi na sabuni. Maabara huzisafisha kwa asidi; wewe zisuuze mara tatu kwa maji ya bahari ya palepale unapochukulia sampuli.

Amonia: bomba la kipimo likigeuka na kujaa ukungu mweupe, kipimo chako ni cha aina ya Nessler na hakipatani na magnesi ya bahari. Usiendelee nacho. Kina zebaki ndani, na hilo lililobaki kwenye bomba si la kumwaga mchangani. Hivyohivyo mabaki ya vipimo vya naitreti vyenye kadmi. Kusanya kwenye chupa moja yenye maandishi, iweke mbali na watoto, irudishe kwa waliokupa au kwa maabara. Tunapima maji ili yasichafuke.

## Majibu ya bakteria yanaruka

Jumatatu 10, Alhamisi 900, kituo kimoja. Kwanza tulia: bakteria hawasambai sawasawa kama chumvi, na jua la mchana huwaua kwa wingi. Sampuli ya saa moja asubuhi na ya saa saba mchana haziko kwenye daftari moja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha mji mzima kuelekea baharini, hivyo andika siku ngapi zimepita tangu mvua.

Kisha tazama mkono. Chupa iliyotakaswa haisuuzwi. Ingia hadi maji ya kiunoni, subiri tope mlilotibua lipite, simama mkondo ukija mbele yako, fungua chupa chini ya maji kina cha kiwiko, mdomo ukielekea mkondo, acha nafasi ya hewa juu, funga. Vidole visiguse ndani ya kifuniko. Ndani ya deli, gizani, na ifike maabara ndani ya saa sita. Boda boda ikichelewa, andika imechelewa.

Mkipima wenyewe kwa vile vipimo vya unga vinavyobadilika rangi au kung'aa, mambo mawili. Maji ya bahari, sehemu moja, huchanganywa na sehemu tisa za maji matamu yaliyotakaswa, kisha jibu linazidishwa kwa 10. Bila hivyo vijidudu vya asili vya baharini vinaweza kukupa jibu la uongo. Na umeme: enterokoki, bakteria wa utumbo wanaoashiria kinyesi, wanahitaji nyuzi 41 kwa saa 24 bila kukatizwa. Umeme ukikatika usiku kwa saa tatu jibu litakuwa dogo, na hakuna hesabu ya kulirudisha. Rudia. Kila siku ya kupima pitisha pia chupa moja ya maji yaliyotakaswa kwenye hatua zote. Ikiota, sampuli zote za siku hiyo zina mashaka.

Baharini tunaangalia enterokoki kwa sababu E. koli hufa upesi kwenye chumvi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003 unapanga fukwe kwa mipaka ya 40, 200 na 500 kwa mililita 100, ila mipaka hiyo hukokotolewa kwa sampuli nyingi za msimu. Kwa jibu moja la 900 usiufunge ufukwe wala usiutangaze kwenye makundi ya simu. Chukua tena kesho, na mwarifu afisa afya wa eneo lako leo.

## Maji yanaonekana machafu lakini sahani inasema masafi

Sahani nyeupe ya Secchi, inayoshushwa kwa kamba kupima uwazi wa maji, ina makosa matatu na yote ni mepesi. Umeishusha upande wa jua badala ya upande wenye kivuli wa ngalawa. Mkondo umeilaza kamba na unasoma urefu wa kamba, siyo kina, ongeza uzito. Au imefika chini, mfano kwenye mita 4, bado unaiona: hapo andika "zaidi ya mita 4", usiandike 4. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

## Vifaa vyote vinakubaliana, na bahari imebadilika

Samaki wamekufa ufukweni, au maji yamegeuka rangi, au kuna mafuta.

Sababu nyepesi ya kubadilika rangi msimu wa kaskazi ni mistari ya rangi ya kahawia au manjano inayofanana na unga wa mbao, inayoelea kufuata upepo. Mara nyingi ni trikodesmiamu, viumbe vidogo wanaojitokeza bahari ikitulia na kupata joto. Chota kwenye chupa nyeupe: ukiona vinyuzi vidogo vinavyopanda juu, huenda ni wao. Hata hivyo kwa macho huwezi kutofautisha mlipuko usio na madhara na ule wenye sumu, na sumu ikishaingia kwenye chaza na kome haiondoki kwa kupika.

Acha kupima kwa mkono mtupu ukiona samaki waliokufa wa aina nyingi kwa pamoja, harufu inayowasha koo au macho, mafuta, au mapipa yasiyojulikana. Toka majini, waondoe watoto, waambie watu wasiokote samaki wala chaza. Piga picha zenye saa. Kama unaweza bila kuingia, jaza chupa mbili za maji: moja tia matone ya lugoli, dawa ya iodini ya kuhifadhia, mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, kwa ajili ya darubini, ya pili iache bila dawa kwenye barafu. Samaki mmoja au wawili wanaohema bado, mifuko tofauti, barafu; aliyeoza hana jibu. Kisha piga simu: Tanzania Bara ni NEMC (wasimamizi wa mazingira) na afisa uvuvi wa wilaya, Zanzibar ni ZEMA (mazingira) na Taasisi ya Sayansi za Bahari, Kenya ni NEMA (mazingira) na KMFRI (utafiti wa bahari na uvuvi).

Watakuuliza mambo manne kabla ya mengine yote: saa ngapi, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, joto na chumvi vilikuwa ngapi, na mita ilisawazishwa lini. Hilo la mwisho liandike kwa wino kwenye jalada la ndani la daftari, kila mara, tarehe na namba ya bafa, ili anayepokea simu usiku asilazimike kuamsha mtu mwingine kuuliza.